Andiko la Ruzuku Haliahirishwi kwa Uvivu

Kila dirisha la maombi ya ruzuku linapofungwa, lawama huwa zile zile. Mhadhiri aliyetuma andiko lake zikiwa zimebaki dakika chache mfumo ufungwe, au mratibu wa asasi ambaye hakutuma kabisa, huambiwa kwamba ni mvivu na hana nidhamu. Wakuu wa idara huyasema hayo vikaoni, wakufunzi wa warsha za uandishi wa miradi huyarudia, na mwombaji mwenyewe, usiku anaposhindwa kulala kwa fursa iliyompita, hujisemea hayo hayo. Methali zetu nazo ziko tayari kumhukumu: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo, linalowezekana leo lisingoje kesho. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba hiyo ndiyo hulka yetu watu wa Afrika Mashariki, kwamba sisi ni watu wa zimamoto na kazi zetu zote huishia dakika za majeruhi. Dawa wanayoiandika baada ya hapo inajulikana: panga ratiba, amka alfajiri, zima simu, jilazimishe. Ninaupinga mtazamo huo tangu kwenye mzizi wake, na dawa yake naipinga pia. Anayeahirisha andiko la ruzuku, mara nyingi, ni mtu mwenye bidii anayekimbia hisia inayomuumiza, na hisia hiyo inatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyo na jinsi taasisi zetu zinavyomwachia aibebe peke yake. Tukiendelea kumtibu kwa kemeo, tutaendelea kupoteza maandiko, fedha na watu.

Tuanze kwa kumtazama huyo anayeitwa mvivu katika wiki zile zile anazoahirisha. Anasahihisha mitihani. Anasoma sura za tasnifu za wanafunzi wa uzamili na kuzirudisha zikiwa na maoni karibu kila ukurasa. Anahudhuria vikao, anamalizia ripoti ya mradi uliopita, anapanga upya mafaili ya kompyuta yake. Na kama ni mratibu wa asasi, yuko kijijini na wanakikundi tangu asubuhi. Mvivu huikimbia kazi, lakini huyu amezipokea kazi zote isipokuwa moja, na hizo nyingine anazifanya kwa juhudi kuliko kawaida kwa sababu zinampa udhuru wenye heshima. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuulize kuna nini ndani ya ile moja. Wanasaikolojia wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Mambo yaliyojitokeza kwa nguvu kuwa yanafuatana na kuahirisha ni kazi kuwa ya karaha, malipo yake kuwa mbali, mtu kutoamini kwamba ataimudu, na wepesi wa kuvutwa na kishawishi cha papo hapo. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza namna mambo hayo yanavyofanya kazi: mtu anakutana na kazi inayomtia wasiwasi, anaiweka kando, na mara hiyo hiyo anapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kuiweka kando tena kesho. Kwa maelezo hayo, anayeahirisha anatuliza moyo wake kwa gharama ya siku zake zijazo, na kumfundisha kuhesabu saa ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa litazame andiko lenyewe, maana ni nadra kupata kazi ya ofisini iliyokusanya sababu hizo zote mahali pamoja. Chukua ombi kubwa la utafiti wa afya linalopelekwa kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, lile linaloitwa R01, ambalo watafiti wa Afrika Mashariki huliandika kama viongozi wa mradi au kama washirika. Kiini chake ni ukurasa mmoja wa malengo mahususi na kurasa 12 za mkakati wa utafiti. Kurasa 13 si nyingi. Mtu aliyeandika tasnifu ya mamia ya kurasa hawezi kutishwa na idadi hiyo. Kinachotisha ni kwamba ukurasa ule wa kwanza unamtaka aamue: swali ni lipi, ni yapi aliyoyapenda na sasa lazima ayaache, atathibitisha nini na atakiri hajui nini, tena mbele ya wataalamu asiowajua. Kila sentensi ni uamuzi, na kila uamuzi unaweza kuwa kosa. Malipo nayo yako mbali. Kwa ratiba ya kawaida ya NIH, anayetuma mwezi Februari hupitiwa katikati ya mwaka, na fedha, zikija, haziji kabla ya Septemba. Na mara nyingi haziji. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilipokea maombi 3,727 ya ruzuku za miradi, na takriban 21% tu ndiyo yaliyofadhiliwa. Watafiti walioichunguza raundi hiyo, wakiongozwa na Danielle Herbert na Adrian Barnett, walikadiria kwamba andiko moja lilichukua wastani wa siku 34 za kazi, na maandiko yote pamoja yalikula sawa na miaka 550 ya kazi ya mtu mmoja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikwenda kwenye maombi yaliyokataliwa.

Afadhali kukataliwa huko kungekuwa kunafuata kanuni inayotabirika. Mwaka 2018 Elizabeth Pier na wenzake walichapisha uchunguzi ambao wapitiaji 43 walipewa maombi 25 yaliyokwisha kupelekwa NIH, kila ombi likapitiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kuafikiana kwa wapitiaji wa ombi moja kuhusu ubora wake kulikuwa kudogo mno. Mwombaji hahitaji kuusoma uchunguzi huo ili alijue jambo lenyewe, kwa sababu amekwisha kupokea maoni ya wapitiaji wawili, mmoja akilisifu wazo lile lile ambalo mwenzake ameliona halina maana. Sasa mtu anayeombwa atoe siku 34 za maisha yake kwa kazi yenye uwezekano wa moja kwa tano, ambayo hukumu yake inategemea pia imemwangukia mpitiaji gani, na ambayo matokeo yake yatasomwa na wenzake kama kipimo cha akili yake, akisita kuifungua kompyuta, mimi simwoni kuwa na kasoro ya tabia. Namwona ameelewa vizuri kinachotakiwa kwake. Kosa lake ni kwamba anasita kwa siri, na kwa namna isiyomsaidia.

Kwetu kuna mzigo wa ziada ambao warsha za nidhamu huupita haraka. Mwombaji wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura anaandika kwa Kiingereza au Kifaransa, lugha ambayo huenda anaitumia kwa ustadi darasani, lakini ambayo katika andiko la ushindani kila kosa dogo linaonekana kama udhaifu wa fikra. Kisha kuna makaratasi. Taasisi inayotaka ruzuku ya moja kwa moja ya serikali ya Marekani hutakiwa kusajiliwa katika mfumo wa SAM na kuwa na namba ya utambulisho iitwayo UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwezi Aprili 2022. Usajili huo unaweza kuchukua wiki nyingi, na lazima uhuishwe kila mwaka. Asasi ndogo inayoomba kwa mfadhili wa hapa hapa nchini nayo itatakiwa kuleta cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya wajumbe wa bodi, taarifa za benki na barua ya serikali ya mtaa au ya halmashauri. Kila karatasi iko kwa mtu mwingine: mhasibu yuko likizo, mwenyekiti wa bodi yuko safarini, muhuri uko ofisi ya tatu. Mwombaji anaichanganya kazi hii ya kufuatilia watu na ile ya kufikiri, katika siku zile zile na kichwa kile kile, na ya kwanza daima huimeza ya pili, kwa kuwa kukimbizana na muhuri kunachosha mwili lakini hakuumizi nafsi. Jioni anajiona amefanya kazi, na ukurasa wa malengo bado mweupe.

Juu ya yote hayo kuna uhaba wa fedha za ndani. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi tangu miaka ya 2000 kutenga 1% ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na nchi nyingi hazijaifikia. Tunazo taasisi za kugawa fedha hizo, kama COSTECH nchini Tanzania na Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2013, lakini mafungu yake hayatoshi, hivyo mtafiti wetu hana ngazi za kupandia. Mwenzake wa nchi tajiri hujifunza kuandika kwa ruzuku ndogo ya chuo, kisha ya jimbo, kisha ya taifa, na kila hatua humwongezea imani kwamba anaweza. Wetu mara nyingi hukutana na andiko lake la kwanza la maana kwenye ushindani wa kimataifa. Tukikumbuka kwamba kutojiamini ni mojawapo ya sababu zenye nguvu katika uchambuzi wa Steel, tutaona kwamba kinachoitwa hulka ya Mwafrika ni jambo linaloweza kuelezwa kikamilifu bila kuitaja rangi wala utamaduni wa mtu yeyote. Hata huko Australia na Marekani wanaahirisha. Wanafunzi wa Kanada walioombwa na Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross kukadiria lini wangemaliza tasnifu zao za shahada ya kwanza walitaja wastani wa siku 34. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi, na ni takriban 30% tu waliomaliza ndani ya muda waliousema wenyewe. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1994, na hakuna aliyeutumia kuthibitisha hulka ya Wakanada.

Matokeo hayo hayo ndiyo yanayoiangusha dawa ya ratiba. Mtu anapopanga, huuona mradi ukienda kama anavyoutaka, na hauzingatii uzoefu wake mwenyewe wa mambo yanavyokwenda kila mara. Mpe shajara nzuri kuliko zote, ataijaza kwa makadirio yale yale yenye matumaini kupita kiasi. Ratiba ikishavunjika wiki ya kwanza, inageuka kuwa ushahidi mwingine dhidi yake, na aibu inaongezeka juu ya wasiwasi uliokuwapo. Hapo ndipo kemeo linapofanya madhara ya wazi. Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza katika mitihani miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2010: wale waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza ndio waliopunguza kuahirisha kabla ya mtihani wa pili. Wapo watakaoona kwamba kujisamehe ni kujidekeza. Lakini ukishakubali kwamba mtu anaikimbia karaha iliyoganda kwenye kazi, inafuata kwamba kila tusi linaloongezwa juu ya kazi hiyo linaifanya ichukize zaidi. Mkuu wa idara anayemfokea mhadhiri mbele ya wenzake kwa andiko lililochelewa amelifanya andiko linalofuata liwe gumu kufunguliwa.

Nitaulizwa: mbona wapo wanaotuma mapema, katika chuo kile kile, kwa mshahara ule ule? Hoja hii ina uzito na siikwepi. Watu hawalingani kwa tabia. Steel mwenyewe ameonyesha kwamba wepesi wa kuvutwa na vishawishi ni sehemu ya maelezo, na wapo watu ambao wangechelewa hata kwenye karamu yao. Lakini chunguza kwa makini walichonacho wale wanaotuma mapema. Mara nyingi mmoja ana andiko la zamani lililofaulu ambalo analitumia kama kiolezo. Mwingine alisoma shahada ya uzamivu chini ya msimamizi aliyemshirikisha katika maombi yake, akaona kwa macho yake rasimu mbovu ikigeuka kuwa andiko zuri. Wa tatu ana mwenzake ng'ambo anayesubiri rasimu Jumatatu, na wa nne yuko kwenye mradi wenye ofisa wa fedha anayeshughulikia bajeti. Tunausifu moyo wa watu hawa na kusahau walivyozungukwa. Na hata pale ambapo tabia ndiyo inayotofautisha, mkuu wa taasisi hana uwezo wa kuibadilisha tabia ya mtu wa miaka 45; anao uwezo wa kubadilisha mazingira ya kazi yake. Ni busara kuweka nguvu pale panapobadilika.

Wengine husema kinyume: shinikizo la mwisho huleta kazi bora, basi kuahirisha hakuna ubaya. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu muhula mzima na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Waahirishaji walikuwa na afya njema na utulivu zaidi mwanzoni mwa muhula, lakini mwisho wake waliugua zaidi, walisongeka zaidi, na alama zao zilikuwa za chini. Wanaojisifu kwa kazi za usiku wa mwisho huwa wanayakumbuka mara chache waliyofaulu. Andiko la ruzuku linaadhibu tabia hiyo kuliko insha ya darasani, maana barua ya mshirika haiandikwi saa sita usiku, na mfumo wa maombi haumhurumii mtu ambaye intaneti yake imekatika saa kumi na moja kasoro.

Kuna ushahidi mmoja ambao unaweza kuonekana kunipinga, nami nauona ndio unaofundisha zaidi. Baadhi ya programu za sayansi za dunia katika Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, ziliondoa tarehe za mwisho na kuruhusu maombi yatumwe siku yoyote. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba idadi ya maombi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Watetezi wa kiboko husema: mnaona, bila tarehe ya mwisho watu hawaandiki. Mimi nasoma jambo lingine humo. Maombi mengi yalikuwa yakiandikwa kwa sababu tarehe ilikuwapo, na waandishi wake walikuwa hawajapata wazo lililokomaa. Tarehe ilipoondoka, wengi waliacha kulazimisha. Hii ina maana kwamba sehemu ya kile tunachokiita kuahirisha ni uamuzi usiokuwa umetamkwa: mtu anajua moyoni kwamba wito huu haumfai, au wazo bado bichi, lakini hathubutu kusema "siombi" kwa kuwa mkuu wake ameshaagiza kila mtu aombe. Basi analibeba andiko miezi mitatu bila kuliandika na bila kuliacha. Ted von Hippel na Courtney von Hippel, katika uchunguzi wa wanaastronomia na wanasaikolojia uliochapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba kiongozi wa mradi hutumia wastani wa saa 116 kwa andiko moja. Saa 116 ni nyingi mno kutolewa kwa jambo ambalo mtu hakuwahi kukaa akaamua kama analitaka. Hatua ya kwanza ya kushinda kuahirisha ni kuamua waziwazi, mapema, kuomba au kutokuomba, na kuheshimiwa katika uamuzi wowote kati ya hayo mawili.

Walioamua kuomba wanahitaji kazi igawanywe hadi isitishe. Hapa ushahidi wa zamani wa Robert Boice una thamani kubwa. Mwaka 1983 alichapisha jaribio la wanataaluma 27 waliogawanywa katika makundi matatu: waliotakiwa wasiandike ila kwa dharura, walioandika walipojisikia, na walioandika kila siku ya kazi kwa kulazimishwa, ambao wangekosa kutimiza kurasa chache za siku wangetoa mchango wa fedha kwa chama wanachokichukia. Kundi la tatu liliandika mara kadhaa zaidi ya wale waliosubiri kujisikia, na pia lilipata mawazo mapya mara nyingi zaidi. Msomaji makini atasema kwamba hicho nacho ni kiboko. Ni kweli, lakini angalia kilielekezwa wapi. Kilielekezwa kwenye kurasa chache za leo, ziwe nzuri au mbaya, ilhali kiboko cha tarehe ya mwisho kinaelekezwa kwenye andiko zima, kamilifu, la miezi mitatu ijayo. Ukurasa mbovu wa leo hauogopeshi, kwa sababu hauhukumiwi na mtu. Anayesubiri wazo likamilike kichwani ndipo aandike, amelinyima wazo hilo njia pekee ya kukamilika. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter nao walionyesha mwaka 1997 jinsi jambo dogo linavyosaidia: wanafunzi walioombwa kuandika taarifa ya mkesha wa Krismasi ndani ya saa 48 na wakataja mapema wataiandika lini na wapi, takriban robo tatu waliitimiza, ilhali katika wale waliokuwa na nia tupu ni theluthi moja tu. Kutaja "Jumanne saa mbili asubuhi, maktaba, aya ya tatizo" ni tofauti na kuandika "andiko" kwenye shajara, kwa sababu aya ya tatizo mtu anaweza kuimaliza na kuondoka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ukurasa wa malengo uandikwe kwanza, tena vibaya, ndani ya wiki ile ile wito ulipotangazwa, na usomwe na mtu halisi kabla ya jambo jingine lolote. Mtu huyo si lazima awe bingwa wa fani. Anatakiwa aulize maswali matatu manne ya kawaida: unataka kujua nini, kwa nini sasa, nani atafaidika, mbona nyinyi. Majibu yakikwama, afadhali yakwame wakati bado kuna miezi miwili. Na barua fupi kwa ofisa wa programu wa mfadhili, kuuliza kama wazo linaendana na wito, inaweza kuokoa wiki nzima za wasiwasi. Waombaji wetu wengi hawaiandiki kwa kuona ni ujasiri uliopitiliza, ilhali kujibu maswali ya waombaji ni sehemu ya kazi ya ofisa huyo.

Lakini kumwachia mwombaji hata dawa hizi ni kurudia kosa lile lile kwa sauti ya upole zaidi. Taasisi ina sehemu yake, na sehemu hiyo haihitaji fedha nyingi kama inavyodaiwa. Jalada moja lenye cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, wasifu wa watafiti, namba za mifumo ya wafadhili na tarehe za kuihuisha, likiwa mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana, linaondoa karibu nusu ya kero niliyoieleza hapo juu. Kuhesabu andiko lililotumwa kama kazi iliyofanyika, hata lilipokataliwa, hakugharimu shilingi; na kwa kuwa wanne kati ya watano hukataliwa, mfumo wa kupandisha vyeo unaotambua ushindi pekee unamfundisha kila mhadhiri mwenye akili kutumia muda wake kwingine. Wafadhili nao wana wajibu. Kuomba kurasa mbili za dhana kwanza, kisha andiko kamili kwa wachache waliochujwa, ni utaratibu ambao baadhi yao wanao tayari, na asiyekuwa nao aulizwe kwa nini. Utafiti ule wa Australia haukuona kwamba muda mwingi zaidi kwenye andiko uliongeza nafasi ya kufaulu. Basi makaratasi mengi yanayodaiwa mwanzoni yanamtesa mwombaji bila kumsaidia mfadhili kuchagua vizuri.

Imezuka pia hoja mpya, kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa programu za akili mnemba zitaandika maandiko yetu. Mwezi Julai 2025 NIH ilitangaza kwamba haitayahesabu kuwa kazi ya mwombaji maandiko ambayo sehemu yake kubwa imetungwa na akili mnemba, na kwamba kiongozi wa mradi hataruhusiwa kutuma zaidi ya maombi sita kwa mwaka, baada ya kuona baadhi ya watu wakituma kwa wingi usiowezekana kibinadamu. Hata bila katazo hilo, programu ingefika mahali pasipouma. Inaweza kusafisha Kiingereza, jambo ambalo kwetu ni msaada wa kweli. Haiwezi kumwamulia mtafiti wa Muhimbili au wa Makerere ni swali lipi linastahili miaka mitano ya maisha yake, na uamuzi huo ndio aliokuwa akiukimbia tangu mwanzo.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wakuu wa idara, wakurugenzi wa asasi na wasimamizi wa miradi. Wito unaofuata utakapotangazwa, msiitishe warsha ya matumizi ya muda, wala msitume waraka wa kukumbusha nidhamu. Mwiteni anayetarajiwa kuandika, mwulizeni kwanza kama anataka kuomba, na mkubali jibu lake. Akisema anataka, mwombeni ukurasa mmoja kufikia Ijumaa, mwambieni wazi kwamba unaruhusiwa kuwa mbovu, na ikifika Ijumaa kaeni naye muusome.